Kidole Kiitwacho Kipara

Sanduku la Selipher lilizidi kilo sita. Mwenye duka la kargo aliutangaza uzito huo kwa sauti kubwa, na foleni nzima ikageuka kumtazama mwenye mzigo, Wakenya, Wahabeshi na Wafilipino pamoja. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala pale Batha, Riyadh, mwaka wa 2018. Saa kama hiyo Batha ukidondosha kitambaa huwezi kuinama kukiokota, maana hutapata nafasi ya kusimama tena.

Selipher alikuwa amevaa abaya nyeusi yenye uzi wa fedha mikononi, aliyoachiwa na madam wake, na chini yake raba nyekundu ambazo hakuachiwa na mtu. Alipiga goti akafungua sanduku. Blanketi mbili, sufuria, maziwa ya unga, viatu vya mama. Atoe nini?

"Dada, mimi langu limepungua kilo tisa," sauti ikasema nyuma yake. "Weka zako humu. Linaenda Malava."

Aligeuka. Alikuwa mwanaume mrefu, mweusi mwenye afya, shati lake la buluu limepigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Sandukuni mwake mlikuwa na taulo, redio, na sahani kumi na mbili za rangi ya chungwa, ndogo kama za kuwekea kikombe.

"Sisi tuko Webuye," Selipher akasema. "Na hizo ni sahani za nini?"

"Za kuvunjwa."

"Mtu anatuma sahani nyumbani ndege nzima ili zivunjwe?"

"Kule hazitavunjwa. Ndiyo maana nazituma," akasema, huku akiingiza sufuria ya Selipher bila kungoja ruhusa. "Ninaitwa Protus. Na kwenu ni ukoo gani?"

Foleni ikacheka. Wale wa Magharibi mwa Kenya wanajua kwamba mwanaume haulizi ukoo wako kwa sababu anapenda historia. Anataka kujua kama wewe ni dada yake, ili kama si dada yake aanze kuvuta mkeka karibu.

"Umeuliza ukoo kabla ya jina," Selipher akasema.

"Jina linaweza kungoja. Ukoo ukiwa mmoja, nisijisumbue nalo."

Akautaja ukoo wake. Protus akashusha pumzi ndefu, na Selipher akajifanya hakuiona. Mwanaume akakata gundi ya karatasi kwa meno, akaanza kulifunga sanduku, na hapo ndipo Selipher alipokiona kile kidole. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa na kucha. Kilikuwa laini juu, mviringo, kinang'aa.

"Hicho kimeliwa na nini?"

"Mtambo wa kazini. Uliiuma kucha, ikatoka, na ikakataa kurudi."

"Kina kipara."

"Basi kiite hivyo. Hakijawahi kuitwa na mtu."

Wakapeana namba za simu. Sufuria ikaenda Malava.

*

Madam wa Selipher alikuwa amekuja Riyadh kwa harusi ya dada yake tu. Baada ya wiki tatu wakarudi Jedda, kwenye nyumba yao ya Al-Hamra, karibu na bahari. Kati ya wapendanao pakawa na kilomita zinazokaribia elfu moja, jangwa tupu na ngamia wasiojali mapenzi ya mtu. Simu ikabeba yote.

Selipher alipiga akiwa chumba cha kufulia, mashine ikizunguka ili isikike yenyewe.

"Kipara yuko?"

"Yuko hapa, anakusalimia." Protus akakileta kidole mbele ya kamera mpaka kikajaza kioo kizima. "Mwenyewe je, humsalimii?"

"Mwenyewe nitamsalimia akiacha kuota jua. Umekuwa mweusi mpaka simu inakosa kukuona."

"Ni wivu tu huo, mami. Wewe umefungiwa na sabuni."

Protus alifanya kazi katika klabu moja ya kulenga shabaha nje ya Riyadh. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye shimo la zege na kuulisha mtambo zile sahani za chungwa. Mlengaji anapaza sauti kama mtu aliyekanyagwa, mtambo unairusha sahani hewani, na mlengaji anaipasua kwa bunduki kabla haijaanguka. Ndio mchezo wenyewe.

"Na hao watu ni wakali?" Selipher aliuliza siku moja.

"Wakali? Ni wazee wa chai. Wanabishana kuhusu upepo asubuhi nzima. Nusu yao hawasikii vizuri, kwa hiyo ubishi hauishi. Mkubwa wao, Abu Sattam, ana miaka sabini, na ana sheria moja tu: bunduki ikitembea, itembee imekunjwa. Unaifungua katikati, inalala mkononi kama kiwiko, na kila mtu anaona haina kitu. Juzi tajiri mmoja alitembea na yake imefungwa. Mzee akamrudisha kwake hapohapo, na gari lake refu."

Mashine ikazunguka.

"Seli?"

"Nikuambie kitu. Dada yangu Emmah aliolewa na askari. Krismasi moja tumekaa mezani, yule mume amelewa, akachukua bunduki yake akamwelekezea Emmah kwa mchezo. Akacheka. Hakuna aliyekufa. Lakini Emmah mpaka leo hawezi kula akiwa ameupa mlango mgongo. Nilijiapia mbele ya kuku yule wa Krismasi kwamba mwanaume atakayemwelekezea mtu bunduki, hata ya mti, mimi si wake."

"Mimi nalisha sahani," Protus akasema polepole. "Bunduki za wazee ninazibeba zikiwa zimekunjwa. Sijawahi kumwelekezea mtu hata moja. Na sitafanya hivyo."

"Hata kwa mchezo?"

"Hata kwa mchezo, Seli."

Na Selipher akamwamini. Mwezi uliofuata walianza kuulizana watazaa watoto wangapi.

*

Kisha televisheni ikaja klabuni.

Ilikuwa shindano la walengaji kumi na wawili, kila wiki mmoja anarudishwa nyumbani. Walikuja na malori matatu, mashine za moshi, na mtayarishaji kijana aliyevaa kofia nyuma mbele. Siku ya kwanza wakawapiga picha wazee wakinywa chai. Siku ya pili mtayarishaji akaonekana kama mtu aliyekunywa hiyo chai bila sukari.

"Hawagombani," akalalamika. "Nani atatazama watu wasiogombana?"

Basi akawatengenezea ugomvi. Abu Sattam alipokunja uso kwa sababu ya jua, walimwonyesha akikunja uso kwa sababu ya mshindani. Mmoja alipomwambia mwenzake "umekosa," waliirudia mara nne na ngoma za vita. Washindani wakaambiwa waingie kwa kupitia moshi wakiwa wameshika bunduki kifuani, zimefungwa. Abu Sattam akakataa. Wakangoja aende kuswali, wakapiga picha.

Watu wa nyumba hadi nyumba wakaanza kusema walengaji ni watu wa damu. Wazee waliokuwa wakibishana juu ya upepo wakawa wanatazamwa vibaya dukani.

Na Protus? Alipewa karatasi ya Kiarabu akaweka sahihi. Alidhani ni orodha ya chakula cha mchana, kwa sababu wiki ile ilikuwa kuku kwa wali, na kila aliyetaka alitia sahihi. Mtu aliyekaa miaka mitatu akiwekewa mbele karatasi za ikama, kile kibali cha kuishi nchini, na za kafili, mwajiri mdhamini, hujifunza kutia sahihi kwanza, na kuuliza kesho. Kumbe karatasi ile ilikuwa ruhusa ya kumpiga picha na kuzitumia watakavyo.

*

Madam alilipenda shindano lile kuliko watoto wake wawili wakubwa. Kila Ijumaa alasiri dada zake walikuja, wakajaza sebule manukato na maganda ya mbegu za tikiti, na Selipher akapita na dala, lile birika la kahawa lenye mdomo mrefu.

Ijumaa ya sita alisikia Kiswahili kutoka kwenye televisheni kubwa ya ukutani.

"Toka hapo! Leo nitakumaliza!"

Akainua macho. Alikuwa Protus wake, mishipa imemtoka shingoni. Kisha ikaonekana mikono miwili myeusi ikitia risasi, ikaifunga bunduki, ikaiinua. Kisha kijana mmoja mshindani, ndevu zimechongwa vizuri, akirudi nyuma kwa hofu na mtutu ukiwa mbele ya uso wake. Kisha Protus akicheka.

"Ya salaam," mmoja wa dada zake madam akasema. "Huyu Mwafrika ni mwendawazimu."

"Namwogopa," madam akasema kwa furaha. "Seli, yalla, kahawa."

Kahawa ilimwagika kwenye sinia. Akaiacha hapohapo. Alikwenda chumba cha kufulia, akaifunga namba ya Protus, akaiwasha mashine ikiwa tupu, akalia.

Protus hakujua lolote mpaka jioni, simu yake ilipokataa kuita. Alimtafuta Damaris, rafiki ya Selipher aliyefanya kazi nyumba ya jirani, mwanamke wa Kisii mwenye maneno mafupi.

"Damaris, mwambie ilikuwa paka."

"Nini ilikuwa paka?"

"Niliyekuwa nikimfukuza. Kuna paka analala shimoni kwenye mtambo. Mtambo ukianza atakatwa. Ndiye niliyemwambia atoke, nitammaliza. Tunamwita Madam kwa sababu anatuamuru sisi sote."

"Protus, nimewahi kudanganywa na wanaume wa kila kaunti. Wewe wa kwanza kuniletea paka."

"Na ile mikono siyo yangu. Wametafuta mtu mwingine."

"Na kicheko?"

"Nilicheka paka alipomkwaruza Naftali, yule tunayefanya kazi naye. Damaris, tafadhali."

Damaris alifikisha ujumbe kwa maneno yake mafupi. Selipher alikuwa akipiga pasi kanzu ya baba mwenye nyumba.

"Paka," Selipher akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Sauti niliisikia mwenyewe, Damaris. Kiswahili changu sikusahau." Akalitia mvuke kola mpaka likalia. "Hata uongo wa heshima ameshindwa kunitungia."

*

Wiki mbili zikapita. Protus aliandika ujumbe ambao haukufika. Akaacha kunyoa. Sahani akazipanga vibaya, na Abu Sattam akamwita kwenye chai.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Ila mwanamke mmoja Jedda ananiona muuaji."

Mzee akaondoa kizibo cha sikio ili asikie vizuri, akasimuliwa yote. Protus alipomaliza, mzee akasema, "Na mimi mjukuu wangu ameniuliza nimeua watu wangapi. Ana miaka saba."

Siku hiyohiyo mtayarishaji akamjia Protus na habari njema. Fainali ingekuwa Jedda, hewani moja kwa moja, Ijumaa alasiri wakati mwanga bado mzuri. Watazamaji walimpenda "yule mkali." Angesimama na yule kijana wa ndevu, amwelekezee bunduki tena, tupu kabisa, mchezo tu. Baadaye wangempa kazi kwenye studio yao ya Jedda na kuhamishia ikama yake huko.

"Jedda," Protus akasema.

"Jedda. Karibu na bahari."

Mshawishi mwenyewe hakujua anachokigusa. Kwa kazi hiyo Protus angekuwa dakika kumi kutoka mlango wa Selipher. Na njia pekee ya kufika karibu naye ilikuwa kufanya lile jambo moja ambalo lingemfanya asiwe wake milele.

"Nitakuja," akasema. Hakusema atafanya nini akifika.

*

Ijumaa ya fainali, sebule ya Al-Hamra ilijaa mpaka watoto wakakaa kwenye mito. Selipher alikuwa ameomba abaki jikoni. Madam akasema mafi, hakuna jikoni leo, kahawa nani atamimina?

Kabla ya fainali walirudia yaliyopita, polepole, na muziki mzito. Protus akapiga kelele. Selipher akageuza uso. Kisha, kwa sababu moyo ni mjinga na huwa unataka kuona unachokiogopa, akageuka tena.

Mikono ilijaza ukuta mzima. Ilitia risasi ya kwanza, ya pili. Ilikuwa polepole sana, na kidole gumba cha kushoto kikapita juu ya shaba, kirefu, kimetunzwa, na kucha safi inayong'aa kama ya bwana harusi.

Dala ikasimama hewani.

"Kina kucha," Selipher akasema.

"Nini?" madam akauliza.

"Hiyo mikono siyo yake. Madam, siyo yake. Wameongopa."

Madam akageuza kichwa taratibu, jino moja la dhahabu likionekana. "Wewe unamjua huyo mtu?"

Mfanyakazi wa ndani mwenye akili hapo angesema hapana. Wasichana wamerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Selipher aliiweka dala mezani, akajifuta mikono kwa aproni.

"Namjua. Ni mtu wangu."

Kabla mtu hajapata la kusema, ukuta ukaonyesha uwanja wa Jedda na upepo wa bahari ukipeperusha mabango. Protus alikuwa amesimama katikati, amevaa fulana ya klabu, amenyoa. Nyuma yake walipangwa wazee wa klabu kumi na wanane, walioletwa ili watishe. Mtangazaji akampa bunduki yenye mitutu miwili na kumwonyesha kijana wa ndevu. Tuonyeshe tena, akasema. Usiogope, haina kitu.

Protus akaipokea. Akaikunja. Akachungulia ndani, akailaza mkononi kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mtu si sahani," akasema kwa Kiarabu chake cha shimoni.

Mtangazaji akacheka kwa midomo tu. "Ni mchezo, ndugu yangu."

"Mchezo ninaujua. Ninaulisha kila siku. Huu siyo." Akaitafuta kamera yenye taa nyekundu, akaingia Kiswahili. "Na wewe mwingine unayenisikia, ilikuwa paka. Kipara ni huyu hapa."

Akainua kidole gumba cha kushoto. Kikajaza ukuta wa Al-Hamra, laini, mviringo, bila kucha.

Matangazo ya sabuni yakaingia kwa ghafla. Yakapita ya sabuni, yakaja ya mchele, yakarudi ya sabuni. Picha iliporudi uwanjani, Abu Sattam alikuwa ameifungua bunduki yake na kuilaza mkononi. Aliyefuata akafungua. Aliyefuata pia. Wazee kumi na wanane wakatoka uwanjani polepole, bunduki zimekunjwa, wengine wakishikana mikono kwa sababu ya magoti, mmoja akiuliza kwa sauti ya kiziwi chai iko wapi. Nchi nzima ikasikia. Mtangazaji akabaki na kijana wa ndevu na moshi.

"Wallahi," dada yake madam akasema, "hao ni babu zangu."

*

"Madam," Selipher akasema, "naomba saa moja."

"Ya nini?"

"Ya kwenda kumwona. Miaka miwili sijakuomba hata dakika."

"Na kahawa?"

"Iko kwenye dala." Alikuwa ameshavua aproni, ameikunja vizuri, ameiweka mkono wa kiti. Haikuonekana kama alikuwa akingoja kukubaliwa.

Madam akatazama aproni, akatazama dada zake, ambao wote walikuwa wameegemea mbele. Angekataa, asingejua mwisho wa hadithi, na hilo lingemwua.

"Hezron atakupeleka," akasema. Hezron alikuwa dereva wa nyumba, Mkenya pia. "Saa moja, halas, basi. Na ukirudi unaniambia kila kitu. Kila kitu, Seli."

Garini Selipher aliifungua namba ya Protus na kupiga.

"Kipara yuko?"

Upepo. Kisha: "Yuko. Amekukumbuka sana."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe hana kazi Jedda tena. Yule wa kofia amenifukuza hata kwenye basi lao. Abu Sattam amenipa kiti kwenye gari lake, tunarudi Riyadh kesho."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Baharini. Karibu na familia moja yenye mkeka na watoto tisa."

Alimkuta hapo, jua likiwa bado juu, watoto tisa wakikimbiza mpira. Selipher alikuwa na abaya yenye uzi wa fedha na raba nyekundu. Hezron alibaki garini, akijifanya hatazami, na dirisha likiwa wazi kabisa.

Walisimama hatua moja mbali, kwa sababu ya watu. Protus hakujua mikono aiweke wapi.

"Nilipaswa kukuuliza kwanza," Selipher akasema. "Nilifunga simu kabla ya kuuliza. Nilimwamini mtu wa kofia kuliko wewe."

"Ulisikia sauti yangu."

"Nilikisikia Kiswahili. Paka sikumwona." Akakaza midomo, kicheko kikamshinda. "Ana jina gani huyo paka?"

"Anaitwa Madam."

"Protus."

"Ni kweli, mpenzi. Anatuamuru."

Alicheka mpaka mama wa watoto tisa akageuka. Alipofuta macho, Protus alikuwa ametoa kitu mfukoni: sahani moja ya chungwa, ukingo umechubuka, ina alama ndogo tatu za vyuma vya risasi.

"Hii ilipigwa leo asubuhi, wakijaribu uwanja. Abu Sattam mwenyewe aliipiga, na yeye hakosi. Ikaanguka mchangani nzima. Nikasema hii nitampelekea Seli." Akaishika kwa mikono miwili kama mtu wa heshima anavyotoa kitu. "Nimempigia mama Malava. Wajomba wako tayari. Uniambie tu niwatume Webuye kuposa siku gani."

"Utarudi Riyadh kesho."

"Nitarudi."

"Na mimi nimebakiwa na miezi mitano Jedda."

"Nitaihesabu kwa sahani. Mia nne kwa siku."

Selipher akaichukua, akapitisha kidole kwenye zile alama tatu. Hezron akapiga honi kidogo, saa ilikuwa inakwisha.

"Waje Desemba," akasema. "Na ile sufuria yangu waje nayo. Lakini sikiliza, Protus. Siku utakayonielekezea hata kijiko, nitakuvunja mwenyewe, bila bunduki."

"Kijiko," Protus akasema, "nitakibeba kimekunjwa."